Cheti Ambacho Hakijazaliwa

Euphrasia wa Ngokolo, Shinyanga, alikuwa na mdomo ulioogopwa hata na wauza nyanya. Walimjazia fungu hadi likamwagika, ilimradi apite. Lakini asubuhi moja ya mwaka tisini na tisa mdomo huo ulikauka. Muuza mkaa, aliyetoka porini na baiskeli yake, alimnong'oneza mlangoni: "Mama Nelly, kuna wanaume wenye bunduki njia ya Kahama. Wamemuuliza mwenzangu gari jeupe la Mhindi hupita lini."

Gari jeupe lilikuwa la mzee Ramesh, mnunuzi wa dhahabu. Dereva wake alikuwa Jilala, mume wa Euphrasia, naye wakati huo alikuwa Geita akipakia mzigo.

Euphrasia alikimbia hadi dukani kwa mzee huyo, kanga ikiburuzika. Mzee Ramesh alipoisikia habari alikwenda polisi moja kwa moja, lakini pori halizungushiwi ua. La maana lilikuwa kumwambia Jilala aliache gari, ashike njia ya ziwa kwa boti kupitia Nkome. Amwambie vipi? Simu ya upepo, ambayo Euphrasia ndiye aliyeishika kila siku pale dukani, ilisikiwa na yeyote mwenye redio kama ile. Mwaka uliotangulia dereva wa mnunuzi mwingine aliambiwa hewani abadili njia, na majambazi wakamsubiri kwenye hiyo hiyo njia mpya. Ndugu zake walimzika bila kumfunua uso. Simu ya waya nayo watu waliamini ina masikio.

Ndiyo maana Ankit, mtoto wa mzee Ramesh, aliweka kompyuta chumba cha nyuma iwe posta yao wenyewe. Mageni, karani wao wa Geita, aliipigia kwa waya wa simu na kuchukua barua. Na asubuhi hiyo Ankit alikuwa ametoka tu kuitia kufuli: kabla barua haijapita, mashine ya Shinyanga inaonyesha cheti cha kujitambulisha, ya Geita inakikagua, ikiridhika zinaongea kwa mafumbo ambayo msikilizaji wa njiani hawezi kuyafumbua.

Ankit akaandika barua ya Jilala. Mageni akapiga. Mashine zikalia kama paka wawili ndani ya gunia, kisha kimya.

"Imekataa," alisema Ankit. "Ya Geita haikiamini cheti."

"Haikiamini kwa nini? Umekiiba?"

"Inasema muda wake si sahihi. Na nimekitengeneza leo hii, Mama Nelly!"

Wakajaribu tena. Ikakataa tena. Ankit alianza kutoka jasho puani. "Nitoe kufuli, ipite wazi?"

"Toa. Halafu wewe ndiye utakayemweleza Nelly baba yake yuko wapi."

Mkono wa Ankit ukarudi mapajani. Euphrasia akaishika simu ya upepo.

"Mageni, Mageni, Shinyanga hapa."

"Mama Nelly, shikamoo! Jilala anakusalimia, ndiyo anawasha gari."

"Marahaba. Mwambie anywe chai kwanza, asije akalaumu wake za watu kwa njaa." Aliilainisha sauti kama anayeongea na ng'ombe mkali. "Tarehe ya mashine yako iko sawa?"

"Sawa kabisa. Jana umeme ulikatika ikapoteza akili, nikairekebisha mwenyewe. Tarehe na saa."

"Nisomee saa ilivyoandikwa."

"Tatu na dakika arobaini. Si ndiyo saa yenyewe?"

Euphrasia alitazama saa ya ukutani. Ndiyo hasa, saa tatu na dakika arobaini. Ila Ankit alijipiga kofi kwenye paji la uso.

"Kaandika tatu! Mashine haihesabu toka jua kuchomoza, inahesabu toka usiku wa manane. Kwake yeye hata jogoo bado. Cheti changu hakijazaliwa!"

"Mageni, futa tatu, andika tisa."

"Tisa? Tisa si mchana, Mama Nelly?"

"Andika tisa, au nije nikuandike wewe!"

Paka wakalia tena, safari hii wakapatana. Barua ikapita. Euphrasia alikuwa hajamaliza kushusha pumzi pale simu ya upepo ilipofoka: "Nimepata! Nasoma: Jilala ashike njia ya..."

Ujumbe ukipokelewa, unasomwa tena hewani ili mtumaji ahakikishe. Ndivyo walivyofanya miaka yote. Euphrasia aliruka, akabana kitufe chake na kuimba juu ya sauti ya Mageni, wimbo wa kanisani, kwa nguvu zote za kifua. Tatizo la chombo kile, ukibonyeza kusema husikii mwenzako. Hakujua Mageni ametaja nini, wala nani kasikia. Aliimba hadi Ankit akambandua kidole.

Likaja jibu la barua: "Jilala amekwenda. Mbona ulikuwa unaimba?"

Hakula mchana kutwa. Kila gari lililopunguza mwendo nje lilimsimamisha. Neno Nkome lilimzunguka kichwani: limetoka, halikutoka?

Jilala aliingia kesho yake jioni kwa basi la Mwanza, ananuka dagaa, mzima.

"Mbona umekonda kwa siku moja?" aliuliza mumewe akivua viatu.

"Kaa ule," alisema Euphrasia.

"Nipakulie haraka. Keshokutwa narudi Geita, gari limebaki kule."

Mwiko ulisimama kwenye ugali, na Euphrasia hakujua tena alikuwa akiupeleka wapi.