Shangazi Anifundisha Kujisifu kwa Ajili ya Viza

Maelezo yangu ya viza niliyaandika mara nne, na mara nne rafiki yangu wa Nairobi, aliyewahi kupitia njia hiyo, akanirudishia. Ilikuwa ile viza ya watu wenye vipaji, ya nchi ya mbali ambako maabara moja ilinitaka nikabuni mashine za kukausha vyakula. Bila viza hakuna kazi, na bila kuthibitisha kwamba mimi si mtu wa hivi hivi, hakuna viza. "Hapa sioni kipaji," akaniambia kwa simu. "Naona mtu mpole anayeshukuru watu."

Nilikasirika, maana alisema kweli. Nilikuwa nimebuni kikaushio cha omena, wale dagaa wa ziwani, kinachofanya kazi hata mvua ikinyesha, nikakiunda katika karakana yangu Homa Bay, na sasa kilikuwa kinatumika ufuo mzima wa Muhuru Bay. Lakini niliandika kwamba fundi wa kuchomelea alisaidia, akina mama walivumilia, na Mungu alijalia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejificha mahali fulani nyuma ya feni ya kikaushio.

Zikabaki wiki mbili za kutuma maombi, na bado nilihitaji barua moja ya mapendekezo kutoka kwa mtu anayeitumia mashine. Nikaenda Muhuru Bay kwa shangazi yangu aliyenilea tangu darasa la pili, ninayemwita Waya, mwenye kikaushio cha kwanza kabisa. Nilimkuta akigeuza omena, leso kiunoni. Nikamsomea maelezo yangu.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Yawa! Hii ni ya kuomba viza ama ni ya kuomba msamaha?"

Sasa, Waya ni bingwa wa pakruok. Kwetu, katikati ya sherehe, mtu husimamisha muziki, akainuka na kujisifu mbele ya wote, na hakuna anayesema ana maringo. Waya hujiita mwanamke ambaye mvua humwomba ruhusa. Mimi na digrii zangu mbili, zamu yangu ikikaribia, hukimbilia jikoni kuuliza kama pilau imeiva.

"Simama," akaniamuru. "Jisifu."

Nikasimama kati ya omena kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. "Mimi ni mhandisi," nikasema.

"Wa nini? Mbona unanong'ona, kuna mgonjwa hapa? Tena!"

Wachuuzi wawili wakaacha kazi yao wakaja kutazama, eti wanisaidie kushangilia. Kufikia mara ya tano nilikuwa napiga kelele: mimi ndiye niliyekichora, mimi ndiye niliyekosea mara tatu nikarekebisha, mimi ndiye niliyeinyima mvua omena za Muhuru! Haki ya Mungu, nilijisikia vizuri. Nilikuwa nimerekodi kwa simu, na hayo ndiyo maelezo niliyotuma, nikiondoa tu ile sehemu ya mvua.

Kisha ikaja barua yake. Akajipangusa mikono, akaketi wima kama anayepigwa picha, akasema huku nikiandika. Alieleza jinsi kila msimu wa mvua alivyokuwa akiwamwagia kuku omena zilizooza, na jinsi kuku wake walivyokonda tangu nilete mashine. Wachuuzi wakacheka, nami nikacheka nikiandika.

"Andika pia," akasema, akikiangalia kikaushio, "kwamba kikiharibika, ni huyu tu anayejua kukitengeneza. Hatuna mwingine."

Kalamu ikasimama. Ilikuwa kweli, na sikuwahi kuifikiria hata siku moja. Niliona aibu, kisha machozi yakanitoka pale pale mbele ya wachuuzi.

"Waya," nikasema, "hiyo naweza kuiacha nje."

"Uiache kwa nini? Si wanauliza kama wewe ni mtu wa maana?" Akainuka, akarudi kugeuza omena zake. "Iandike, nyathina, mwanangu. Hiyo ndiyo itakupeleka."