Siku Bibi Alipoupindua Mtumbwi

Juzi nilirudi Kalemie kusalimia ndugu, nikakuta vijana wa afya wakipita nyumba kwa nyumba na mabakuli meupe, wakichota maji ya madimbwi. Mmoja akaniuliza kwa adabu, "Mama, unajua tunatafuta nini?" Nilicheka mpaka nikashika kiuno. Kazi hiyo niliifanya kabla hajazaliwa!

Basi keti nikusimulie. Utotoni kwetu, katika mtaa wa wavuvi karibu na ziwa, Jumamosi asubuhi ilikuwa ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi. Mtaa mzima ulitoka. Wakubwa walizibua mifereji na kufyeka majani, nasi wanafunzi mwalimu alitupa kazi ya kusaka viluwiluwi vya mbu. Kila mtoto alileta sahani nyeupe kutoka kwao, maana kwenye weupe kiluwiluwi hakijifichi. Tulichota kwenye matairi, makopo na mashimo ya wafyatua matofali, huku harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa mchangani ikitufuata kila mahali. Tukivipata, tulipiga kelele mpaka muuguzi wa kituo cha afya aje kuona, kisha maji yanamwagwa au shimo linafukiwa. Baadaye tulikula mihogo ya kuchemsha na karanga. Tulijiona askari, nakwambia.

Bibi yangu alikuwa mkali kuliko mwalimu. Jirani aliyekata chandarua chake ili avulie ndagala alisemwa mpaka akakoma. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," bibi alipenda kuwaambia wenzake.

Lakini uani kwake mwenyewe kulikuwa na mtumbwi. Ulikuwa wa mjomba, mwanawe wa pekee wa kiume, aliyevuka kwenda Kigoma kutafuta kazi na kuahidi kurudi kuvua. Miaka ikapita, hata salamu hakuna. Bibi aliuacha umekaa sawasawa, tayari kuingia majini. Kwake yeye, kupindua mtumbwi wa mtu ambaye hajarudi kulikuwa sawa na kumzika.

Masika moja ukajaa maji ya mvua. Nilipochovya sahani yangu humo, viluwiluwi vilikuwa vikicheza tele. Muuguzi akasema upinduliwe. Bibi akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Papa, mwaga maji yote ya Kalemie, lakini huu mutumbwi wa mutoto wangu, hapana muntu ataugusa."

Alikubali tu tuyachote kwa ndoo. Mvua iliyofuata ikaujaza tena.

Haukupita muda, mdogo wangu wa kike akashikwa na homa, halafu degedege. Usiku tulilala ndani ya chandarua, lakini jioni tulikula bukari, ugali wetu, nje palepale karibu na mtumbwi. Mama alimkimbiza hospitali kwa pikipiki, kichwa cha mtoto kikining'inia. Ilikuwa malaria kali. Wakamwekea damu, na hakuna aliyetuahidi kwamba atapona. Bibi hakula. Kulipokucha akawaita majirani.

"Muupindue," alisema.

Mmoja akasita. "Mama, na mwenyewe akirudi?"

"Huyu anayepumua bado njo wa kwanza. Ule mwingine akirudi, ataugeuza yeye mwenyewe."

Kisha akaweka bega lake chini ya mbao na kusukuma pamoja na wanaume. Maji yalimwagika yote uani, naye akalia waziwazi bila kufunika uso. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua nimeona mtu shujaa. Sijaona mwingine wa kumpita.

Mdogo wangu alirudi amekonda, akaomba bukari na ndagala kabla hajaketi. Tangu hapo, kila salongo bibi alitangulia ufukweni akiwaambia wavuvi wapindue mitumbwi yao mibovu. Hakuna aliyembishia, kwani wote walijua yeye aliupindua upi. Watu wa mitaa mingine walikuja kuona tunavyofanya, nasi watoto tukawaonyesha kwa maringo, sahani mkononi.

Leo maji ya ziwa yamepanda, yamemeza sehemu kubwa ya mtaa ule. Mwalimu wetu alihama, sijui aliko. Mjomba hakurudi, na bibi alifariki akiwa bado anamtaja. Hakuacha shamba wala nyumba. Wageni wakiniuliza alituachia urithi gani, namwita mdogo wangu aje awasalimie.