Injini Iliyodhani Bado Ni Baridi

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ni ile niliyompakia mjomba wangu Rajabu kwenye pikipiki kutoka Arua kwenda Koboko, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Nilikuwa fundi kijana kwenye gereji ya Awindiri, mtaa wa Arua, na ulimi wangu ulikuwa mrefu kuliko spana zangu.

Pikipiki ilikuwa ya mjomba. Injini yake ilipozwa na upepo tu, haikutumia maji, na kabureta yake ilikuwa nzima. Mimi nikaing'oa, na pikipiki ikalala wazi gerejini majuma kadhaa. Nilikuwa nimepata vifaa vya gari bovu kutoka Kongo: pampu, kifaa cha kunyunyizia petroli, na kompyuta ndogo ya kuipimia injini mafuta. Nilitaka mji mzima useme nimeweza. Mkamia maji hayanywi, lakini nani alikuwa na masikio?

Gereji yetu ilikuwa na desturi: fundi aliyefungua injini ndiye huiendesha safari ya kwanza, mwenye chombo akikaa nyuma yake. Kama ni kulala njiani, mlale wote. Safari yetu ilikuwa na haraka yake. Mama yangu, dada yake mjomba, aliuza ufuta sokoni Koboko, na kila mchuuzi alituletea salamu zilezile: yuko salama. Kisha mmoja akasema meza ya mama iko tupu.

Tulipopita Maracha, ukaanza moshi mweusi na harufu ya petroli. Injini ikakohoa, ikazima. Nikasafisha plagi, ikawaka, ikazima tena.

"Hii kompyuta iko bure kabisa, mjomba. Iko namwaga mafuta tu!"

Mjomba alikuwa dereva wa jeshi zamani, mtu asiyepandisha sauti. Akauliza, "Namna gani iko najua injini iko moto?"

Nikamwonyesha sensa ya joto, kile kidude kinachoiambia kompyuta injini ina moto kiasi gani. Kwenye gari hukaa ndani ya maji ya injini. Hapa maji hayakuwepo, basi niliifunga kwa mpira chini ya kiti, ikapigwa na upepo. Kompyuta ilidhani injini bado ni baridi kama asubuhi, ikazidi kuinywesha.

"Sasa natukana yeye kwa nini?" akasema mjomba. "Wewe nanyima yeye habari. Mutu hajaambiwa, atajua na nini?"

Niliona haya. Nikaihamisha sensa, nikaibana kwenye ubavu wa injini kwa kipande cha bati. Moshi ukapungua, tukaondoka.

Tulimkuta mama kwenye mkeka, mwili unawaka. Jirani alisema homa ilianza majuma kadhaa nyuma, kabla mwezi haujaandama. Mama akatabasamu. "Sikutaka kusumbua nyinyi. Nyinyi iko na kazi."

Mjomba akakaa chini, akamshika mkono, na siku hiyo ndipo nilipomsikia akipiga kelele. "Zubeda! Sisi tungejua na nini?"

Tukampeleka hospitali. Daktari alijitahidi, lakini alituambia tumechelewa. Tulimzika wiki ileile. Niliumia, mwanangu, na sina neno la kuyapamba maumivu yale.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi ukiumwa, sema. Ukiwa na njaa, sema. Ndoa ikikulemea, mtafute mtu mmoja umwambie, hata kama utaona haya, haya haiui. Anayekupenda hana uganga wa kuona ndani ya kifua chako.

Na kuna la pili, nalo ni gumu zaidi kwangu. Ukiletewa salamu za "yuko salama" kwa maneno yaleyale kila mara, usizipokee ukaendelea na kazi. Nenda ukaone. Majuma yote yale mama alipokuwa akiungua, palikuwa na pikipiki ambayo ingetufikisha Koboko. Nilikuwa nimeifungua mimi, ili nisifiwe.

Mungu akupe kinywa cha kusema unapoumia, mwanangu, na miguu ya kuwafikia wako wangali wanaongea.