Mama Kaza na Ziwa la Juu

Mtaani kwake walimwita Mama Kaza, na aliyempa jina hilo hakumwonea. Alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na feni iliyozunguka kwa kulalamika kama mzee aliyeamshwa mapema. Mtu akitoka mikononi mwake, mistari ya kichwani imenyooka kama iliyopigwa rula, na nyusi zimepanda juu kidogo. "Ukisukwa na Mama Kaza," wateja walitaniana wakisubiri zamu, "siku za mwanzo unalala macho wazi." Walilalamika, kisha wakarudi, kwa sababu msuko wake ulidumu.

Kazi hiyo alifundishwa na dada yake mkubwa. Kwa kuwa hakuna aliyekubali kumkabidhi kichwa chake, alianza kwa kusuka nyuzi za katani zilizofungwa kwenye mguu wa meza. Dada alikuwa akipita, anauvuta msuko kwa nguvu. Ukifumuka, mwanafunzi anaanza upya. Hivyo ndivyo vidole vilivyojifunza kwamba kilicholegea kimeharibika. Somo hilo lilimlisha, likamlipia kodi ya chumba, likamjengea jina. Ni katika jambo moja tu lilipomgeuka, nalo ni samaki.

Alikuwa ameolewa katika ukoo wa wavuvi. Hawakuvua kwa ajili ya soko. Walivua kwa kupenda. Baba mkwe wake, fundi bomba mstaafu, alikuwa bingwa wa kuvua kwa nzi wa bandia, yaani kindoana kidogo kilichoviringishwa manyoya na uzi hadi kikafanana na mdudu. Nzi huyo hutupwa mbali juu ya maji kwa ufito mwembamba unaonesa, kisha huvutwa polepole ili samaki adhani amepata mlo. Samaki mwenyewe ni trauti wa upinde wa mvua, ambaye hupenda maji baridi ya maziwa ya nyikani, huko ambako barabara hukoma na miguu ikaanza kazi. Kila mwaka, shule zikifungwa, ukoo ulipakia mahema, sufuria na fito, ukaelekea huko.

Huko milimani kulikuwa na maziwa mawili, na desturi moja isiyopindishwa. Ziwa la chini, penye kambi, lilikuwa la wote. Ziwa la juu lilipandiwa siku ya mwisho tu, na hakupanda mtu ambaye hajawahi kuvua trauti mwenyewe, bila mkono wa mwingine kugusa ufito wake. Mzee aliiweka sheria hiyo wanawe wakiwa bado wadogo wa kurukaruka. "Asiyejua kutulia huku chini," alisema, "kule juu atawafukuzia wenzake samaki." Hata marehemu mkewe alisubiri misimu miwili kabla ya kupanda. Mama Kaza alikuwa amesubiri tangu ndoa. Kila mwaka alibaki kambini na sufuria, akiwatazama wenzake wakipotelea kati ya miti, na jioni akasikiliza habari za maji asiyoyajua.

Mwaka huu ulikuwa na uzito wa pekee. Binti yake, ambaye walimwita Chiriku kwa kuwa hakunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni, alikuwa amevua trauti wake wa kwanza msimu uliopita, wengine wakiwa tayari wamepanda. Kwa hiyo safari hii mama angebaki kambini peke yake. Lakini hilo angelivumilia. Lililomkaa rohoni ni magoti ya mzee. Walipokuwa bado garini, mzee alikuwa ametangaza kwa sauti ile ile ambayo zamani alimwambia mteja kwamba bomba lake limeoza: "Mlima huo nitaupanda mwaka huu, basi. Mwakani nitakaa nyumbani nisubiri habari."

Mama Kaza aligeukia dirisha. Mzee huyu ndiye aliyemwita "mwanangu" siku ya kwanza alipofikishwa nyumbani, na ndiye aliyemfundisha kurusha mshipi wa kuvulia uwanjani nyuma ya nyumba, kwa kipande cha sufi badala ya ndoana, ili asijing'oe sikio. Alitaka kuliona ziwa la juu akiwa pamoja naye. Asipopata samaki kabla ya siku ya kupanda, hilo lisingewezekana tena maishani mwake.

Siku ya kwanza na ya pili zilipita bila kitu. Asubuhi ya tatu, ambayo ndiyo ilikuwa mkesha wa kupanda, ukungu ulipoinuka juu ya maji, shemeji yake alikuwa tayari amesimama ufukweni akipiga miayo. Alikuwa mwenye bucha, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuuzia maini kwa wapita njia.

"Shemeji!" aliita. "Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Wewe umegaagaa mpaka upwa umechoka, na wali bado mkavu!"

"Wewe endelea tu kuhesabu wali wa wenzako," alijibu Mama Kaza. "Samaki wakisikia sauti hiyo wanajua ng'ombe anachinjwa. Ndiyo maana hawaji."

"Wanakuja, mbona. Wanakuja kwako wanasalimia, wanaondoka."

Mume wake, dereva wa lori, mtu wa maneno machache, alicheka puani na kumpa kikombe cha chai. "Usimsikilize, Mama Chiriku. Kunywa kwanza."

Maneno ya shemeji yaliuma kwa sababu yalikuwa kweli. Kutupa mshipi alijua. Nzi wake alitua juu ya maji kama unyoya. Kuvuta polepole alijua kuliko wote, akiukusanya mshipi kiganjani kidole baada ya kidole kama anayesuka. Samaki walimjia. Balaa lilianza walipogusa. Mara tu alipohisi mvuto wa samaki, vidole vyake vilifanya kile vilichofundishwa kwenye mguu wa meza: vilikaza. Na uzi wa mwisho, ule unaoshika ndoana, ni mwembamba kama unywele. Trauti akikimbia na mtu akakataa kumwachia, hukatika.

Asubuhi hiyo pia ulikatika. Jua lilikuwa limepanda kiasi, maji yametulia, mara ufito ukainama. Alisikia uzito hai upande wa pili, mkubwa kuliko wote aliowahi kuuhisi, na moyo ukamruka. Vidole vikafunga. Pap! Ufito ukanyooka, mshipi ukarudi hewani mwepesi, hauna kitu.

Aliusogelea mwamba, akauegemeza ufito, akakaa.

"Mama," Chiriku alimjia akiwa na chanuo mkononi. "Kofia imenifumua mistari yote ya mbele. Nisuke basi. Lakini usinivute, mimi kichwa changu unakijua."

Alikijua. Katika vichwa vyote alivyopata kuvishika, hicho ndicho kilichokuwa laini kupita vyote. Tangu utotoni mtoto huyo alilia hata kwa kuonyeshwa kitana. Mama Kaza alimkalisha mbele ya magoti yake na kuanza. Mzee, aliyekuwa akipumzisha miguu kwenye jiwe la jirani, alikaa akiwatazama. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwona mkwe wake kazini. Mwanamume wa rika lake hana shughuli saluni.

Chiriku alikuwa akisimulia kisa cha mwalimu wao aliyepoteza miwani huku ameivaa, na kila alipofika penye utamu aligeuza kichwa ghafla. Mzee aliona jambo. Kichwa kilipogeuka kushoto, mikono ya msusi ilikwenda kushoto. Kilipoinama, ikainama nacho. Vidole havikuachia nywele, wala havikuzivuta. Kichwa kilipotulia, ndipo msuko ukasonga mbele kidogo.

"Mwanangu," mzee aliita, "huyo amekukimbia sasa hivi. Mbona hukukaza?"

"Baba, huyu nikimkaza si ataamsha mlima mzima? Huyu unamfuata. Akitulia ndipo unasogeza." Aliyasema akiwa ameshika msuko, na maneno yalipomtoka mikono yake ilisimama.

Mzee alitabasamu chini ya kofia yake.

"Mama, mbona umesimama?" aliuliza Chiriku. "Mistari bado mingi!"

"Subiri. Utamaliziwa."

"Yaani nikae hivi, nusu kichwa?"

"Kaa hivyo hivyo. Hapa hakuna wageni."

Alifunga uzi mpya mwishoni mwa mshipi, akachagua nzi wa kahawia mwenye shingo ya manyoya meusi, akaondoka peke yake hadi upande wa pili wa ghuba ndogo, palipolala gogo nusu ndani ya maji. Upepo ulikuwa umegeuka na kuleta wadudu kutoka msituni, na karibu na gogo viduara vilianza kufunguka juu ya maji: samaki walikuwa wakila. Aliingia majini hadi magotini. Baridi ilimpanda mpaka meno yakagongana. Akatupa, akangoja nzi azame kidogo, akaanza kuvuta, kidole baada ya kidole.

Mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili, hakuna. Akatupa tena, karibu zaidi na gogo.

Ufito ukainama.

Vidole vilitaka kufunga. Alivihisi vikitaka, kama farasi anayevuta kuelekea zizini. Aliinua ufito taratibu na kuviambia kwa sauti, "Mfuateni." Mshipi ukaanza kupita kati yao, ukiunguza ngozi, na samaki akatimka kuelekea katikati ya ziwa huku kigurudumu cha mshipi kikilia. Kisha akaruka. Akatoka majini mzima mzima, akajitikisa, akaanguka kwa kishindo.

Ng'ambo ya ghuba familia yote ilisimama.

"Kaza, shemeji, kaza!" alinguruma mwenye bucha. "Anaenda huyo!"

"Nyamaza wewe!" Mama Kaza alijibu bila kugeuka. "Kichwa hiki ni changu!"

Mume wake alikuja mbio akizunguka ghuba, wavu wa mkono hewani, akateleza kwenye tope akafika kwa makalio. Mzee alimpigia kelele kutoka mbali: "Usimguse! Mpe wavu, rudi nyuma!" Dereva alinyoosha wavu akiwa bado amekaa topeni, mke akaupokea bila kumtazama.

Samaki alitulia, naye akakusanya mshipi. Samaki akakimbia, naye akamwachia. Alipogeuka kulielekea gogo, ambako angeweza kuuzungusha uzi kwenye matawi na kuukata, Mama Kaza hakuvuta, alitembea. Alikwenda naye kando kando, maji yakimpanda mapajani hadi kiunoni, akiinamisha ufito upande wa pili, akimshawishi, mpaka yule akabadili nia na kurudi maji ya wazi. Mbio zake zilipungua, zikawa fupi. Mwisho alilala ubavu juu ya maji, akifungua na kufumba kinywa, na msusi akamchota kwa wavu kwa mkono wa kushoto.

Alimtazama. Mgongo ulikuwa wa kijani kibichi wenye madoa meusi. Ubavuni ulipita mstari mpana wa waridi uliobadilika kila jua lilipougusa. Alikuwa mrefu kuliko mkono wake kutoka kiwiko hadi ncha za vidole.

Kisha akapiga kigelegele. Kilipanda juu ya maji, kikagonga mwamba wa ng'ambo, kikarudi. Chiriku, akiwa na nusu ya kichwa iliyosukwa na nusu iliyosimama kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa, alikimbia majini na buti zake. Mume wake alikuwa anacheka na kufuta macho kwa kiganja chenye tope. Shemeji alivua kofia akaiweka kifuani.

"Shemeji," alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya kuuza nyama, "huyo ni mkubwa kuliko wangu wote. Nimesema mara moja, sisemi tena."

"Sema tena," alisema Mama Kaza. "Upande huu hawajasikia."

Asubuhi iliyofuata, kambi ilibaki bila mtu. Njia ya kwenda juu ilikuwa ya mizizi na mawe yaliyolegea, na mzee aliipanda polepole, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye bega la mkwe wake. Wengine walitangulia. Wao wawili walisimama kila mzee alipotaka kusimama, na aliposimama alimweleza: hapa ndipo marehemu mama yenu alikataa kuvuka akitaka kubebwa, hapa ndipo shemeji yako, akiwa mdogo, alilia kwa sababu ya siafu. Mama Kaza alisikiliza yote. Habari hizo alikuwa amezisikia miaka yote penye moto wa jioni, lakini sasa kila moja ilikuwa na jiwe lake na mti wake.

Miti ilikoma ghafla. Ziwa lilikuwa mbele yao, dogo kuliko alivyodhani, jeusi na tulivu, limezungukwa na kuta za mwamba.

"Ndilo hili?" alinong'ona.

"Ndilo hili, mwanangu."

Mzee alikaa kwenye jiwe bapa, akanyoosha miguu, akaulaza ufito wake majanini bila kuufungua. "Mimi leo natazama," alisema. "Anza wewe."

Shemeji alikuwa tayari amesimama kwenye pembe nzuri kuliko zote, penye mwamba uliochomoza, mshipi mkononi. Mama Kaza alimwendea akiwa ameshika ufito wake begani.

"Shemeji, sogea."

"Nisogee wapi? Nimefika wa kwanza!"

"Mwenye samaki mkubwa ndiye anayechagua mahali."

"Sheria hiyo ni ya lini?"

"Ya leo," mzee alijibu kutoka kwenye jiwe lake, na mwenye bucha, akinung'unika huku akicheka, alikusanya mshipi wake na kumpisha.