Salamu kutoka Ng'ambo ya Minyaa

Karatasi ilifika kwa mtendaji wa kijiji siku ya Jumatatu. Mtendaji akampigia kaka yangu, kaka akanipigia mimi, na mama, ambaye jambo lenyewe lilimhusu kuliko sisi sote, akaambiwa wa mwisho.

"Yule mzee anataka kurudi," kaka alisema kwenye simu.

Hakutaja jina, na mimi sikuuliza ni mzee yupi. Nyumbani kwetu jina hilo halijatajwa tangu nilipokuwa na miaka tisa.

Yule mzee ndiye aliyemuua baba yetu. Walikuwa majirani huko Kitahana, mashamba yao yakitenganishwa na mstari wa minyaa, na walikuwa marafiki wa kulimiana: leo kwetu, kesho kwao. Alasiri moja waligombania mpaka, wote wawili wakiwa wameshakunywa pombe ya ndizi, na jirani akampiga baba kwa jembe. Baba hakufika hospitali. Jirani alihukumiwa kunyongwa, baadaye adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Imepita zaidi ya miaka thelathini. Sasa jina lake limeingia kwenye orodha ya wafungwa wazee wanaofikiriwa kuachiwa kwa masharti, na kabla ya kuamua, wakubwa wanataka kujua mambo matatu: kijiji kinasemaje, nani atampokea, na familia ya marehemu ina pingamizi au haina.

La pili lilikuwa limeshajibiwa. Mpwa wake, anayeishi kwenye nyumba ya mzee mpaka leo, alikubali kumpokea. Ndugu mwingine hakuna. Kwa hiyo kumwachia maana yake ilikuwa kumrudisha palepale, ng'ambo ya minyaa, hatua arobaini kutoka mlango wa mama. Hatua hizo nilizihesabu mwenyewe.

Jumamosi tulikutana kwa mama. Kaka alitoka Kibondo mjini, ambako ana duka la pembejeo. Mimi nilitoka Kasulu, ambako nakusanya habari za redio. Afisa ustawi wa jamii, binti mdogo aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, alikuja na fomu ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Mama alikuwa barazani, ungo mapajani, anachambua maharage.

"Mama, anayeamua si mimi," afisa alisema. "Wanaoamua wako juu. Lakini mtakachoandika hapa kitasomwa. Mstari wa kwanza ni wako, wa pili wa kaka, wa tatu wa dada."

Kaka aliandika pingamizi lake hata kabla afisa hajamaliza kueleza.

"Amezeekea gerezani, sawa," alisema huku akirudisha kalamu. "Baba yeye amezeekea wapi?"

Mama alitupa jiwe dogo kutoka kwenye ungo.

"Bado anatembea?" aliuliza.

"Kwa fimbo, mama."

"Anakula mwenyewe?"

"Anakula."

"Anaumwa nini?"

"Uzee tu, mama. Miguu, macho. Na kusahausahau."

Mama aliendelea kuchambua mpaka nikadhani amemaliza maswali.

"Siweki dole kwenye karatasi ya mtu nisiyejua amekuwaje," alisema, akanielekezea kidevu mimi. "Huyu aende akamwone, aje aniambie. Si ndiyo kazi yake, kwenda kuona watu?"

"Nenda na daftari lako," kaka aliniambia akicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Umuulize na bei ya maharage."

Niliandika maswali saba na kuyapa namba. Ndivyo ninavyofanya kabla ya mahojiano yoyote, iwe ni ya diwani au ya mama aliyepotelewa na mbuzi. Swali la tatu lilinichukua muda mrefu kuliko mengine. Wiki moja kabla ya kifo chake, nilimwona baba aking'oa minyaa na kuipanda upya hatua mbili ndani ya shamba la jirani. Nilikuwa nimebeba chakula chake. Aliniambia niweke bakuli chini niende nyumbani. Mahakamani hakuna aliyemwita mtoto wa miaka tisa, na mimi sikumwambia mtu: si mama, si kaka. Haibadilishi kilichotokea, hatua mbili za udongo si roho ya mtu. Lakini nilitaka kujua kama yule mzee alikuwa ameiona minyaa imehama, au walikuwa wanagombania jambo jingine kabisa. Katika dunia hii ni yeye tu ambaye angeweza kuniambia.

Gerezani tulikalishwa kwenye benchi karibu na lango, mimi na afisa. Askari magereza alituambia tusubiri. Wafungwa wazee kama watatu walikuwa wanaota jua ukutani. Mimi nilikuwa namsubiri mwanamume mrefu. Katika kumbukumbu yangu jirani yetu aliinama kila alipopita kwenye mlango wetu, na mikono yake ilifika mbali. Kwa hiyo mmoja wa wale wazee aliponyanyuka na kuja upande wetu, mfupi, mwembamba, akikanyaga kwa uangalifu kama anayevuka mto, nilidhani anapita tu.

Mzee akipita, humwachi apite hivihivi. Nilisimama, nikapinda magoti, nikapiga makofi polepole. "Mwidiwe." Ndiyo salamu yetu Waha kwa mkubwa. Yeye akabana fimbo kwapani ili mikono iwe huru, akapiga makofi naye, akaitikia salamu mpaka mwisho, kwa Kiha kizuri cha zamani ambacho siku hizi nakisikia kwa mama tu.

"Kwenu hawajambo?"

"Hawajambo."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Mvua imenyesha?"

"Imenyesha."

"Mama?"

"Hajambo."

"Na baba?"

"Hajambo."

Salamu ya kwetu ni ndefu, na ukishaanza kuijibu ulimi unakwenda wenyewe. Hata aliyefiwa jana atajibu kwamba wote ni wazima, ndipo aseme kilichomleta.

Askari alitufikia wakati huo. "Naona mmeshaonana," alisema. "Mzee, huyu ndiye mgeni wako. Ametoka Kitahana."

Sijui uso wangu ulikuwaje. Afisa, ambaye Kiha hakijui, alikuwa anaandika. Baadaye nilisoma alichoandika: "Wamesalimiana kwa heshima."

Nilifungua daftari kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya. Swali la kwanza lilikuwa: Unanijua?

Mzee alinitazama kwa jicho moja, lile jingine lilikuwa na ukungu. "Wa Kitahana," alisema.

"Mimi ni mtoto wa jirani yako. Wa ng'ambo ya minyaa."

Uso wake ukafunguka. Sina neno jingine. "Wa rafiki yangu!" alisema. "Kumbe hajambo." Akamgeukia askari. "Umesikia? Mnanisumbua bure humu ndani. Mwenyewe hajambo."

Askari alitazama viatu vyake.

Kazini kwetu ukitangaza kosa, unalisahihisha kwenye taarifa inayofuata, kwa sauti ileile. Nilijaribu kufanya hivyo.

"Mzee, nilikosea. Baba yangu alikufa. Ulimuua wewe, kwa jembe, pale mpakani."

Alishusha fimbo kutoka kwapani taratibu, akaiegemea.

"Lini?"

"Zamani. Nilikuwa mtoto."

"Mimi?" Alimuuliza askari, siyo mimi.

"Wewe, mzee."

Akaziba mdomo kwa kiganja, kama afanyavyo mtu anayeletewa habari ya msiba. Halafu akanishika mkono. "Pole," alisema. "Pole sana, mwanangu."

Nikajibu, "Asante." Mara ya pili siku ile ulimi ulinitangulia.

Maswali mengine sikuuliza. Nililitazama la tatu pale kwenye ukurasa, nikaona halina tena mtu wa kuulizwa. Hatua mbili za baba zimebaki kwangu peke yangu.

Wakati wa kuondoka nilimvuta askari pembeni. Nilimuuliza kama mzee hajifanyi.

"Siku nyingine anajua kila kitu," alisema. "Siku hiyo hali chakula, analia tangu asubuhi. Siku nyingine ananidai jembe, eti anachelewa kwa rafiki yake."

"Lakini hajifanyi?"

"Dada, nimekaa naye miaka mingi. Siwezi kukuapia."

Mzee alikuwa amerudi kwenye jua lake. Tulipompita alinyanyua fimbo. "Ukifika, msalimie baba," alisema. "Mwambie nitakuja tulime."

Nilimweleza mama yote kwa mpangilio, tangu langoni mpaka mwisho, bila kuficha ile "hajambo" yangu. Kilichobaki mdomoni ni swali la tatu. Nilimweka kaka kwenye simu, sauti kubwa, ili asikie mara moja.

"Anaigiza," kaka alisema. "Amefundishwa na wenzake humo ndani."

"Inawezekana," nilisema.

"Na kama haigizi, ndiyo vibaya zaidi. Yeye ameshatua mzigo, sisi tumebaki nao."

Kwenye Noah ya abiria, tangu gerezani mpaka Kitahana, nilikuwa nimejaribu kulipanga jambo hili kama ninavyopanga habari, nalo likakataa kupangika. Aliyehukumiwa alikuwa mwanamume mrefu mwenye mikono ya kufika mbali, na huyo sikumkuta. Kuendelea kumfunga yule mzee wa jua ni kumfunga nani? Lakini nikifika hapo namwona mama akilima peke yake msimu hadi msimu, nami najiuliza tangu lini kusahau kumekuwa malipo. Halafu naikumbuka ile "pole." Ilikuwa ya kweli. Tangu baba afe nimepewa pole nyingi, na chache zilikuwa za kweli kama ile. Nifanye nayo nini?

"Amesema anakuja kulima?" mama aliuliza.

"Ndiyo."

Aliitazama minyaa. Mpwa wa mzee alikuwa anaanua nguo upande wa pili. Alituinulia mkono, mama akamwinulia.

"Atakaa pale," mama alisema. "Asubuhi nikienda kuchota maji tutaonana. Atanisalimu. Atauliza: mama watoto hujambo, watoto hawajambo, mzee wako hajambo. Kila siku. Nitamjibu nini?"

Kaka alikuwa bado kwenye simu. Nilimsikia akipumua.

"Ndiyo maana nimesema asije," alisema mwishowe, taratibu, bila ukali wowote.

"Sijakuuliza wewe," mama alimwambia. "Najiuliza mwenyewe."

Nililala kwake. Asubuhi, wakati wa uji, alirudia jambo lile kama aliyekuwa amelala nalo ubavuni.

"Akiniuliza, nitamshika mkono nimpeleke akaone kaburi."

"Na kesho yake akiwa amesahau?"

"Nitampeleka tena."

"Mama, kila siku?"

"Kwani nina safari?" Alipuliza uji wake. "Alisema anamsalimia. Salamu si ipelekwe? Aje aipeleke mwenyewe, kwa miguu yake."

Nilimtazama nijue anaongea kwa sauti gani, ya kumhurumia au ya kumkomoa. Mimi nimelipwa kwa miaka mingi kusikiliza sauti za watu, na sauti ya mama yangu asubuhi ile sikuitambua. Nikamuuliza waziwazi: hayo ni adhabu, au ni nini?

"Kunywa uji," alisema.

Afisa alipokuja kuchukua fomu, mama aliweka dole kwenye mstari wa kwanza: hana pingamizi. Mstari wa pili ulikuwa na pingamizi la kaka. Wa tatu ulikuwa wazi. Afisa alieleza kwa upole kwamba nikiuacha wazi utahesabika kuwa sina pingamizi, kwa hiyo hata kutojua kwangu kungekuwa jibu. Niliandika kwamba sina pingamizi, nikasaini. Nilipofika stendi ya Kibondo nilitaka kurudi nikafute. Nilipofika Kasulu nilishukuru kwamba sikurudi. Tangu siku hiyo nimebadilika hivyo mara nyingi, na kaka haongei nami ila kwa mambo ya lazima.

Majibu kutoka juu bado hayajaja. Afisa anasema yanaweza kuchukua miezi, na wazee wengine hufa kabla.

Mwezi uliopita nilikwenda Kitahana nikamkuta mama na panga. Alikuwa ameshakata minyaa miwili, akafungua pengo kwenye mpaka, na kutoka kwenye pengo hilo alikuwa anafyeka njia katikati ya migomba kwenda kwenye kaburi la baba. Nilimwambia njia moja ipo tayari, ile ya kutokea jikoni. Akasema ile ina mizizi, mtu wa fimbo ataanguka. Nikachukua jembe nimsaidie. Tulipofika karibu na kaburi alinisimamisha, akanipa fimbo yake ya kuangushia maparachichi, akaniambia nitembee nayo polepole, nikanyage kama mzee, aone kama upana unatosha.