Mikorosho ya Dada na Chuo cha Mpwa Wangu

Kwetu Mtama, mtoto wa dada akimaliza kidato cha nne, neno la mwisho huwa la mjomba. Mjomba ni mimi, tena mwenye shahada ya falsafa, ambayo haijawahi kumpunguzia mtu homa.

Mpwa wangu alitaka kusomea uuguzi. Nikamchagulia chuo binafsi cha Dar es Salaam, chenye tovuti ya kupendeza na picha za wanafunzi wanaotabasamu maabarani, nikatamka mbele ya ndugu kwamba ni huko. Hakuna aliyenipinga. Dada yangu, mama yake, akaanza kutafuta mtu wa kumwekea rehani mikorosho: atoe ada sasa, korosho achume yeye kwa misimu mitatu.

Siku mbili kabla ya maombi kufungwa, mpwa wangu alinikuta barazani. Akaniamkia, akakaa kwenye jamvi, akanieleza kwa upole kwamba alikuwa amekwenda zahanati kumuuliza muuguzi wa pale alianzaje. Muuguzi alianza na cheti katika chuo cha serikali, ada akilipa kidogo kidogo. Alipoajiriwa ndipo akarudi kusomea stashahada, kwa mshahara wake mwenyewe.

Nikamwambia cheti ni kidogo kwa mtoto mwenye alama kama zake. Nilizungumza sana kuhusu kutazama mbali. Alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Mjomba," akasema, "cheti nitakiongeza. Mikorosho ikienda misimu mitatu, mama atakula nini?"

Nilikuwa nimelinganisha vyuo vinne kwenye kompyuta, na majedwali ya rangi. Hakuna jedwali lililokuwa na safu ya chakula cha dada yangu.

Sasa, kwetu neno la mjomba hulifuta mjomba mwenyewe tu, tena mbele ya wale wale waliolisikia. Jioni ile nikawaita, nikasema nimekosea, mtoto aombe chuo cha serikali, aanze na cheti.

"Leo msomi kafeli," shemeji yangu akasema, na wote wakacheka, mimi pia.

Dada hakucheka. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akaomba simu yangu, kwa kuwa ya kwake haikuwa na salio, akampigia yule mtu wa rehani.

"Mikorosho siitoi tena," akamwambia. "Nitapalilia mwenyewe."