Shamba la Jumbe Halikuchimbwa

Siku ya kwanza kazini, pale Mlali, nilikabidhiwa fremu ya A nikaambiwa nisiitue mpaka nitakapoambiwa. Fremu hiyo ni miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi yenyewe, na kileleni pake inaning'inia kamba yenye jiwe. Jiwe likitulia kwenye alama ya katikati, miguu miwili ya fremu iko usawa mmoja, hata kama macho yako yanakataa. Unapiga kigingi, unageuza fremu, unapiga kingine. Vigingi vikishakuwa vingi vinakuchorea mstari ambao maji ya mvua yakiufikia husimama badala ya kukimbia na udongo. Mstari huo tunauita kontua, na juu yake ndipo huchimbwa kinga maji.

Sikuwa nimesomea kilimo. Nilikuwa kibarua wa kubeba vifaa, na vitabu vya ugani nilivisoma mwenyewe, nikiviazima ofisini Ijumaa na kuvirudisha Jumatatu. Cheti nilikuja kukipata baadaye sana. Mwalimu wangu alikuwa Bwana Shamba wa Tarafa, mtu mfupi aliyevaa kofia ya pama hata akiwa ndani ya ofisi. Siku ile nilimwambia kwamba mteremko ule ninauona kwa macho, hauhitaji mabao.

"Umeuona?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Basi piga kigingi pale unapodhani pako sawa na hiki."

Nikapiga. Akaleta fremu. Nilikuwa nimekosea kiasi cha kumfika mtu magotini.

"Ulikuwa unatazama unakotaka kwenda," alisema, akaking'oa kigingi changu bila kunilaumu. "Kila mtu huona kwake ndiko juu."

Kutoka Mlali nilihamishiwa Dakawa, kwenye mpunga. Huko hakuna mteremko wa kuogopa, kazi ni kusawazisha majaruba ili maji yaingie kwa kina kimoja toka kona hadi kona. Meneja wa Skimu ya umwagiliaji alikuwa mtu wa kufuata zamu. Mara moja shemeji yake alikuja kuomba afunguliwe mfereji kabla ya wenzake. Meneja alimkaribisha chai, akamuuliza hali ya watoto, kisha akamwambia, "Zamu yako ni keshokutwa. Maji hayana shemeji." Nilimheshimu sana kwa neno lile. Wakati huo sikujua kwamba mimi mwenyewe nina ndugu wa kuniletea matatizo ya namna hiyo.

Nilikulia Dumila, njia panda, ambako baba aliuza vitunguu na nyanya kwa abiria wa mabasi ya Dodoma. Mama alikuwa Mkatoliki kutoka milimani, akaolewa na Mwislamu, na kwao hakurudi. Alifariki nikiwa shule ya msingi. Kitu kimoja tu cha kwao alinifundisha, nacho ni jina la lukolo wake, yaani ukoo wa upande wa mama, ambao kwa Waluguru ndio ukoo wa mtu. "Ukipotea milimani," alisema, "taja hilo. Watakupa chakula."

Nililitaja. Afisa Kilimo wa Wilaya, mama mmoja ambaye maagizo yake aliyatoa akiwa anatembea, alinipangia kuwa bwana shamba wa kata ya Kilundwa, juu kabisa milimani. Nyufa zilikuwa zimeonekana kwenye mteremko ulio juu ya shule. "Masika isikukute hujachimba," aliniambia tukishuka ngazi za ofisi. "Ule mlima ukija chini, hauji peke yake." Kwenye mkutano wa kunitambulisha, mzee mmoja mrefu aitwaye Kasiani aliniuliza mimi ni wa lukolo gani. Nikalitaja kwa sauti, pamoja na jina la mama, tena kwa fahari, nikidhani nimefungua mlango. Watu wakatazamana.

"Karibu, mpwa wangu," akasema Mzee Kasiani.

Nilichukulia kuwa ni ukarimu wa wazee.

Tangu siku ile watu wa Kilundwa walinipa ndizi, maharage na maneno mazuri. Nilipopima walishika kamba. Nilipoondoka waliacha vigingi vyangu vikisimama kwenye mashamba kama vilivyo, na mbuzi wakafungwa humo. Nilibadilisha njia za kufundisha. Nilianzisha shamba darasa, ambapo wakulima hujifunza kwa kutenda kwenye kipande kimoja cha pamoja. Walitenda kwenye kipande hicho vizuri kabisa, wakaenda makwao wasichimbe. Kila nilipopita chini ya ule mteremko nilisikia watoto wakiimba darasani, nami nikatazama juu.

Ndipo akafa bibi mmoja mkongwe wa lukolo wetu. Kwa desturi ya huku watani, yaani watu wa ukoo ambao mnaruhusiwa kutaniana nao, ndio wanaoshika kazi za maziko, na siku hiyo mtani husema lolote bila kukasirikiwa. Kiongozi wa watani alikuwa Bibi Tatu, mkulima wa kabichi, mwembamba, mwenye sauti ya kufika bonde la pili. Wachimbaji walipomaliza, alikaa ukingoni mwa kaburi akaning'iniza miguu ndani.

"Subirini," alisema. "Kaburi hili halijapimwa. Bwana shamba yuko wapi? Alete mabao yake, marehemu asije akaporomoka mpaka Mlali."

Watu walicheka, nami nikacheka.

"Cheka tu, mpwa wa jumbe. Mjomba wenu alitupimia mashamba, na wewe umekuja kutupimia tena, na lenu halijaonja jembe la tuta hata siku moja. Au la kwenu lina udongo wa mbinguni?"

Walicheka zaidi. Mimi nilikuwa nimeacha.

"Jumbe yupi, Bibi?"

"Mnamsikia? Anakalia kiti hajui kina miguu mingapi." Akanyoosha mkono asaidiwe kuinuka. "Mtani haulizwi, mtani anapewa kuku. Kamuulize mjomba wako."

Baada ya maziko nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Kasiani. Alikuwa barazani akimenya magimbi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nilijua leo utakuja. Kaa."

"Nitasimama tu. Jumbe ni nani?"

"Mjomba wa mama yako. Na wangu, maana mama yako ni dada yangu, tumbo moja." Alisema hivyo bila kuinua macho kwenye magimbi. "Ulipotaja lukolo wako na jina la mama yako, hapakuwa na mtu mkutanoni asiyejua wewe ni nani. Isipokuwa wewe."

Akanisimulia. Wakati wa mkoloni, serikali ilitaka milima yote ikatwe matuta ya ngazi. Jumbe, aliyekuwa mkono wa serikali kijijini, alizunguka na tarishi akionyesha pa kukata, na asiyekata alipelekwa baraza la mahakama kushtakiwa. Ngazi zilikatwa kwa kina, udongo mwekundu wa chini ukaja juu, mweusi ukafukiwa, na mahindi yakatoka ya njano. Watu walikasirika, wakamfuata kwake kwa kelele. Jumbe alikimbilia misheni.

"Halafu?"

"Halafu akarudi, akaishi, akafa, akazikwa. Watu wa hapa hawamfukuzi mtu. Wanamkumbuka tu."

"Na shamba lake?"

"Halikuchimbwa. Alisema lina makaburi ya wazee. Yamo kweli, mawili, pembeni."

Nilimuuliza kama mama alikuwa akijua haya. Alicheka kidogo. "Mama yako alikuwa akipishwa mtoni. Akifika na ndoo yake, wanawake wananyamaza, wanasogea. Alichukia kupishwa kuliko alivyochukia njaa. Akaenda Dumila, ambako hakuna anayejua ampishe nani."

Nilidhani mazungumzo yameisha. Kumbe kwake ndiyo yalikuwa yanaanza. Akaniambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa kijiji wakati wa kuhamishia watu karibu na barabara, na kwamba kabla ya jumbe alikuwepo mjomba mwingine aliyewasemea watu mbele ya Wajerumani. "Sasa kata haina diwani wa kueleweka," aliendelea. "Sisi haturithishi mtoto, tunarithisha mpwa. Nilikuwa sina mpwa. Sasa mpwa amekuja kwa miguu yake, na serikali imempa pikipiki."

Nilikuwa nimekwenda kuuliza juu ya aibu, nikapewa kiti. Nilishuka nikiwa sijielewi, na kwa siku kadhaa sikuweza kukaa mahali pamoja. Nilianza kazi ya kurekebisha mfereji nikaiacha katikati, nikapanda pikipiki kwenda Mlali bila haja.

Mwisho nilikwenda kwa Afisa Kilimo wa Wilaya nikamweleza kwamba watu hawachimbi. Sababu sikuitaja.

"Ipo sheria ndogo ya hifadhi ya ardhi," alisema akitafuta funguo za gari. "Asiyechimba anatozwa faini. Mtendaji wa Kata atasimamia. Wewe mpe majina tu."

"Majina tu?"

"Majina tu. Nani anakuomba umpige mtu?"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana shule ilikuwa pale pale chini ya nyufa na mawingu yalishaanza kukaa juu ya vilele. Na mimi, nasema kweli, niliona njia fupi. Mwili wangu wote uliitaka. Ningesimama mbele ya watu, ningesema, nao wangechimba, huku wakinichukia. Njiani nilijiuliza kama jumbe naye aliambiwa hivyo hivyo na mtu mwenye haraka, aliyekuwa akitafuta funguo zake.

Sikwenda kwa Mtendaji. Nilikwenda kwa mjomba nikamwomba shamba la jumbe.

"Ukichukua shamba umechukua na kiti," alisema.

"Nataka shamba tu, mjomba."

"Wote tulisema hivyo." Lakini alinyanyuka akanionyesha mipaka.

Nilipima peke yangu. Fremu ilipita chini ya makaburi yale mawili, mbali nayo kiasi cha kutosha kulaza mtu wa tatu. Jumbe angeweza kuchimba bila kumgusa mzee yeyote. Nilisimama pale na jiwe likitulia kwenye alama yake, nikaona haya kwa niaba ya mtu ambaye sikuwahi kumwona.

Sikukata ngazi. Nilichimba aina iitwayo fanya juu, ambapo unachimba mfereji kwenye kontua na kurusha udongo upande wa juu, ili tuta lijijenge lenyewe polepole kadiri mvua zinavyoleta udongo, na mweusi ubaki juu. Kwenye tuta nilipanda matete ya kulishikilia. Nilichimba kwa mikono yangu, bila kibarua, mchana, mahali ambapo kila aendaye kisimani ananiona. Bibi Tatu alikuja na kigoda chake.

"Chimba, jumbe. Kina hicho hata panya hafichi mkia."

"Nisaidie basi, Bibi."

"Nikusaidie? Nimesubiri tangu nikiwa msichana kuona jasho la ukoo wenu. Niache nitazame."

Alitazama mpaka mstari wa kwanza ukaisha. Halafu akabeba kigoda chake akaondoka, na asubuhi iliyofuata alikuwa shambani kwake, kwenye vigingi vyangu vya zamani, amewafungua mbuzi na anachimba na wanawe. Wengine walifuata. Si wote. Masika ilipokuja, mteremko ulikatika sehemu moja ambayo hakuna aliyechimba, ukafunika vitalu vya mboga, ukasimama kwenye kinga maji la Bibi Tatu. Shule ilibaki. Watoto walipelekwa kutazama tope.

Ningependa kumalizia hapo, kwa sababu kwa upande wa kazi ndipo inapoishia vizuri. Lakini baada ya masika ile watu walianza kunijia na mambo yasiyo ya udongo. Mipaka, ndoa, mbuzi aliyekula mahindi ya mtu. Waliniita jumbe kwa utani, kisha utani ukapungua na jina likabaki. Nami niliwajibu. Siku moja nilijisikia nikitoa hukumu nikiwa nimesimama, mkono mmoja umenyooka kuonyesha mpaka, na wote wamenyamaza. Nilijua ukimya ule. Ndio uliomkimbiza mama.

Nilistaafu kwa hiari kabla ya umri wa lazima. Niliwaambia ofisini ni magoti. Nilirudi Dumila, nikakaa kwenye kelele za mabasi, na kila mawingu yalipokusanyika upande wa milima nilipanda gari kwenda kukagua matuta. Ninyi mnaoanza kazi hii leo mna simu zinazopima mteremko. Ni nzuri, zitumieni. Hazitawaambia mmesimama kwenye shamba la nani wala nani aliwahi kusimama pale kabla yenu, na wenyeji wanajua kabla hamjashuka kwenye pikipiki.

Mzee Kasiani alifariki mwaka huu. Tulimlaza pale palipobaki nafasi, juu ya mstari wangu. Bibi Tatu, ambaye sasa anashikwa mkono, hakutania sana. Aliagiza tu kigoda cha marehemu kiletwe, kikawekwa mbele yangu.

"Kaa, mtani," alisema.

"Nimezoea kusimama, Bibi. Kazi yetu ni ya kusimama."

"Tunajua. Ndiyo maana tunakwambia ukae."

Sikukaa. Niliondoka nacho, kwa kuwa kukikataa mbele ya kaburi kungekuwa matusi. Tangu hapo wamekuja watu kutoka Kilundwa, na wengine wa chama, wananywa chai yangu na kunikumbusha kwamba sasa si mtumishi wa umma, hakuna kinachonizuia kugombea udiwani. Sijawajibu ndiyo wala hapana. Kigoda kiko sebuleni karibu na mlango. Wageni hukaa kwenye viti vingine, na mimi pia. Juzi mke wangu aliniuliza kwa nini nikiingia ninazunguka upande wa dirisha, wakati njia ni nyeupe. Nilikuwa sijajua kwamba ninakipisha.